Mgongo Ulioharibikia Nyumbani

Barua ya kampuni ilisema kwamba mgongo wa mume wake uliharibikia nyumbani.

Mama Chai aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa amekaa, na mara ya tatu akaisoma kwa sauti ili mwenye mgongo naye asikie. Mwenye mgongo alikuwa amelala chali sakafuni juu ya mkeka, miguu kaipandisha kwenye kiti, maana kitanda kilikuwa kimemshinda tangu wiki ya pili.

“‘Baada ya uchunguzi wa kina,’” alisoma, “‘kampuni imeridhika kwamba maumivu yako hayana uhusiano na majukumu yako kazini, ambayo ni mepesi kwa asili yake, bali yametokana na shughuli za nyumbani, godoro lisilofaa, au umri.’ Umesikia? Mepesi kwa asili yake.”

“Nimesikia.”

“Huo uchunguzi wa kina waliufanya lini? Yule daktari wao alikugusa hata kidole?”

“Aliniuliza nina miaka mingapi.”

“Basi kina kiliishia hapo. Na hizo shughuli za nyumbani ni zipi, mume wangu? Nitajie moja tu. Tangu unioe sijakuona ukibeba ndoo kutoka hapa hadi mlangoni.”

“Mwache mdogo wangu apumzike!” sauti ilitoka chumba cha mbele. “Mgonjwa hasutwi.”

Huyo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mume, mjane aliyekuja kukaa nao wiki mbili, miaka sita iliyopita. Hakuna kilichompita katika nyumba ile: si mgeni, si harufu ya sufuria, si neno.

“Simsuti yeye, wifi. Naisuta barua.”

“Barua haina masikio.”

Mgonjwa alicheka, halafu akajuta, kwa sababu hata kicheko kilipitia mgongoni.

Kiwandani walimwita Tofali. Kiwanda kilikuwa cha sabuni za miche, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusimama mwisho wa mkanda unaoleta maboksi, kupokea boksi la kilo kumi na tano, kugeuka, kuinama, na kulipanga juu ya chaga ya mbao, ile wanayoiita paleti, mpaka yatimie hamsini. Foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, inazoa, yeye anaanza upya. Boksi mia saba kwa zamu. Wenzake nao walipanga, ila yeye alipanga kama mwashi: safu hii maboksi yamelala hivi, safu ya juu yamegeuzwa, kila boksi limekalia maungio ya mawili yaliyo chini yake. Lori alilolipakia Tofali lilipita mashimo yote ya njiani na likafika bila boksi kuteleza. Alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia watoto wa chuo kikuu.

“Wamekosea tu,” alisema akitazama dari. “Watu wa utumishi wana barua nyingi. Nikipata nafuu nitamwona Afisa mwenyewe tuelewane. Ananijua.”

“Anakujua? Barua inaanza na ‘Ndugu Mfanyakazi’.”

Mama Chai aliikunja ile barua mara nne, akaitia katika pochi yake, kama mtu anavyohifadhi tusi ili alijibu siku akipata nafasi.

---

Jina la Mama Chai nalo lilikuwa la kiwandani hukohuko. Alichemsha chai ya ofisi, akaigawa saa nne na saa kumi, akaosha vikombe. Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha jambo moja: mtu mwenye trei haonekani. Wakubwa waliokuwa wakinyamaza akipita karani, walizungumza bila breki huku yeye akiwawekea sukari. Ndivyo alivyojua, miezi minne kabla ya mtu yeyote, kwamba inakuja mashine ya kupanga maboksi, na kwamba wapangaji ishirini na wawili wangebaki watatu.

Alimwambia mume wake. Mume alisema, “Mashine itapanga nini? Inaijua sabuni?”

Mashine ikaja. Ilishushwa katika makasha ya mbao, imefungwa plastiki kutoka juu mpaka chini, na wapangaji walivyoona inavyonyenyekewa wakaibatiza Bwana Harusi. Sakafu iliyokuwa na nyufa tangu enzi na enzi ikapigwa zege jipya. Paa lililokuwa likivuja juu ya vichwa vya watu likazibwa kwa siku mbili. Kisha zikafungwa feni nne kubwa. Kwa miaka kumi na moja wapangaji walikuwa wameomba feni, hata moja, hata mbovu, wakajibiwa kwamba upepo unakausha sabuni.

“Mashine haipendi joto,” injinia aliyekuja nayo alieleza.

“Na sisi nani alikwambia tunalipenda?” aliuliza mpangaji mmoja, na jioni yake akapewa barua ya onyo.

Mashine ilikuwa mkono mmoja mnene wa rangi ya chungwa, ndani ya uzio wa wavu, na mwisho wa mkono huo palikuwa na midomo ya mpira ya kunyonya. Ilinyanyua maboksi manne kwa mpigo, ikageuka, ikayaweka, ikarudi, haijakohoa. Boksi ishirini kwa dakika. Wakubwa waliisimamia kama wazazi kwenye mtoto anayetambaa.

Tatizo likawa moja. Mashine ilikuja na mipango yake kichwani, lakini ilikuwa mipango ya maboksi ya watu wengine. Boksi la kampuni lilikuwa refu na jembamba, la karatasi nyepesi, limechaguliwa kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko yote sokoni. Bwana Harusi aliyapanga safu juu ya safu, yote yakitazama upande mmoja, na foklifti ilipopita juu ya kizingiti tu, mnara ukaporomoka. Siku ya kwanza, minara mitatu. Siku ya pili, saba. Siku ya tatu sabuni zilisambaa sakafuni mpaka Mkurugenzi mwenyewe akateleza akakaa kitako.

Mama Chai alikuwa akimimina chai ofisini wakati Mkurugenzi, suruali ikiwa bado na utelezi, alipouliza, “Yule mzee wa zamani alikuwa anafanyaje? Yule Tofali?”

“Yuko nyumbani, anaumwa,” alisema Afisa Utumishi.

“Anaumwa nini?”

“Mgongo.” Afisa akatupa jicho kwa mwenye trei. “Wa nyumbani.”

---

Gari la kampuni lilikwenda kumchukua kesho yake asubuhi, mkewe akiwa tayari kazini. Hakuna aliyemwambia kitu. Aligundua saa nne, alipoingia na trei katika ukumbi wa mashine, akamkuta mume wake amesimama chini ya feni nne, amevaa fulana, kiuno kafungwa kipande cha shuka la buluu lenye maua makubwa ya njano. Lilikuwa shuka la wifi. Wifi mwenyewe ndiye aliyelichana na kumkaza nalo, akimwambia, “Nenda, mdogo wangu. Anayeitwa hajatupwa.”

Tofali alikuwa akifundisha. Sura yake ilikuwa na nuru ambayo Mama Chai hakuwa ameiona kwa miezi.

“Safu ya kwanza, matatu yalale, mawili yasimame,” alimwambia injinia, akisogeza maboksi matupu kwanza, kisha yaliyojaa, kwa sababu matupu hayasemi kweli. “Ya pili unageuza. Ya tatu unarudi kama ya kwanza. Lakini ya nne, hapo ndipo watu wanapokosea...”

Injinia, mtu mpole asiye na neno baya kwa yeyote, alichora kila kitu kwenye kompyuta yake na kurudia kusema, “Safi sana, mzee. Safi sana.” Pembeni palikuwa na msichana wa matangazo mwenye kamera.

“Mama Chai, anza na wageni,” alisema Afisa Utumishi.

Akaanza na wageni. Injinia, msichana wa kamera, Mkurugenzi, Afisa. Kisha akachukua kikombe cha tano akamgeukia mume wake.

“Huyo hayuko kwenye zamu leo,” alisema Afisa, bila ukali hata kidogo, kama mtu anayesoma saa. “Chai ni ya walio kazini.”

Birika lilikuwa bado zito. Mama Chai alimtazama mume wake, mume akatazama maboksi. Alikirudisha kikombe kwenye trei, na birika likarudi jikoni na chai yake, ikamwagwa.

Alipokuwa akitoka, alisikia boksi likidondoka. Tofali alikuwa ameinama kwenye safu ya tano, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeng’ang’ania ukingo wa paleti, hawezi kwenda juu wala chini. Kamera ikalia, ka-cha, ka-cha.

“Baki hapohapo, mzee,” alisema msichana. “Hapohapo. Nzuri sana.”

Jioni alimkuta kwenye mkeka wake, kachoka kama nguo iliyokamuliwa, kichwani kofia mpya yenye jina la kampuni. Pembeni palikuwa na miche miwili ya sabuni.

“Wamekuahidi nini?” aliuliza kabla hajaweka pochi chini.

“Wamesema watanikumbuka.”

“Hata marehemu hukumbukwa.”

“Mke wangu, wewe unaona ubaya tu. Wamenipiga picha. Injinia kasema mpango ule atauita kwa jina langu ndani ya mashine. Anaandika ‘Tofali’, mashine inajua. Nani mwingine ana jina ndani ya mashine?”

“Umewapa akili ya miaka kumi na tisa kwa miche miwili.”

“Na kofia,” alisema wifi kutoka chumba cha mbele, na hakuna aliyejua kama anatetea au anacheka.

Mpango ulifanya kazi. Kuanzia Jumatatu iliyofuata hakuna mnara ulioanguka. Ijumaa yake wapangaji kumi na tisa walipewa barua, na safari hii hakuna aliyesingizia magodoro.

---

Siku ya uzinduzi kulikuwa na mahema, viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na wageni waliofika saa mbili baada ya wakati ili ionekane wana kazi nyingi. Mama Chai alipewa sare ya kuazima na kazi mbili: kugawa soda, na kugawa kijitabu cha kampuni, cha karatasi inayong’aa, kilichochapishwa kwa ajili ya siku hiyo. Kila mgeni soda moja, kijitabu kimoja.

Mkurugenzi alipanda jukwaani. Alisema wengine wanadhani mashine zinaletwa kwa sababu ya faida. La hasha. Mashine hii imeletwa kwa sababu ya upendo.

“Kwa miaka mingi,” alisoma, “ndugu zetu wapangaji wamekuwa wakinyanyua zaidi ya tani kumi kila siku kwa mikono yao. Tani kumi, mheshimiwa mgeni rasmi! Ni kazi inayovunja migongo. Katika miaka mitano tu, wafanyakazi wetu kumi na saba wameumia uti wa mgongo kwa kazi hii. Tulijiuliza: je, utu uko wapi?”

Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa huzuni, akanywa soda.

Mama Chai alikuwa amesimama nyuma ya safu ya tatu. Kwanza alidhani masikio yake yanamtania. Kisha akafungua kijitabu, akakuta maneno yaleyale, yamechapishwa kwa wino mweusi, tani kumi, kumi na saba, na chini yake kichwa cha habari: Ustawi wa Mfanyakazi Kwanza. Mwandishi wa ukurasa huo alikuwa Afisa Utumishi, na sahihi yake ya kujipinda kama mnyoo ilikuwa hapo. Mama Chai aliijua sahihi ile. Ilikuwa ndani ya pochi yake, imekunjwa mara nne.

Hakupiga kelele. Watu wengi wangependa kusikia kwamba alipanda jukwaani, akanyang’anya kipaza sauti, akawavua nguo wakubwa mbele ya wageni. Hakufanya hivyo. Aligawa soda zilizobaki, akaokota chupa tupu, akarudisha sare ya kuazima, na akaondoka na vijitabu vitatu chini ya kitenge chake.

---

“Sitaki,” alisema Tofali. “Kuishitaki kampuni? Miaka kumi na tisa nimekula kwao.”

“Hukula kwao. Ulifanya kazi, wakakulipa. Wao ndio waliokula kwako.”

“Na wewe je? Chai yako? Wakikufukuza tutakula hivyo vijitabu?”

Mshahara wa chai ndio uliokuwa ukilisha nyumba ile tangu Tofali alale chini. Kipimo cha uti wa mgongo kilichoandikwa na daktari wa hospitali, si yule wa kampuni, kilikuwa bei ya miezi miwili ya mshahara huo.

“Kumtia mumeo vitani na tajiri,” alisema wifi, ambaye sasa alikuwa amehamia mlangoni kabisa ili asipoteze neno. “Mwenye nguvu mpishe. Hebu nionyeshe hicho kijitabu, angalau nione picha.”

Alikichukua akakipeleka dirishani, akakisogeza mbali na macho, kisha karibu. Kulikuwa na picha ya Mkurugenzi. Kulikuwa na picha ya Afisa Utumishi, anatabasamu. Katikati kulikuwa na picha mbili zilizotazamana: moja imeandikwa SASA, mashine ikimeremeta, nyingine imeandikwa ZAMANI, mtu ameinama, mkono kiunoni.

Wifi aliweka kidole juu ya picha ya pili.

“Shuka langu hili,” alisema.

“Shuka gani?”

“Hili! Maua yangu haya! Huyu si mdogo wangu huyu? Mbona wamemkata kichwa?”

Kweli walikuwa wamemkata. Picha ilianzia shingoni na kuishia magotini. Palikuwa na fulana, palikuwa na maua ya njano, palikuwa na vidole vilivyong’ang’ania ubao, lakini uso haukuwepo. Kwa wenye kijitabu, uso haukuwa na kazi.

Tofali aliomba aonyeshwe. Mkewe alikishika kijitabu juu yake, kwa kuwa hakuweza kuketi, naye akakitazama kwa muda mrefu akiwa amelala chali. Alikuwa amewaambia majirani wawili kwamba atatoka kwenye kitabu.

“Injinia wamempa kichwa?” aliuliza mwishowe.

“Wamempa.”

“Na Afisa?”

“Chake kimejaa ukurasa mzima,” alisema wifi.

Tofali alifumba macho. Mama Chai, aliyekuwa na maneno kumi tayari ulimini, akayameza yote.

“Nisaidieni nisimame,” alisema mume. “Na mnipe shati. Si fulana. Shati.”

---

Afisa kazi wa serikali, aliyepokea malalamiko yao, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning’inia kifuani na mezani mafaili kama kuta. Upande mmoja walikaa Afisa Utumishi na mwanasheria wa kampuni, kijana mwenye viatu vilivyochongoka. Upande wa pili alikaa Mama Chai. Tofali alisimama, ameegemea ukuta.

“Mwambie akae,” alisema mwanasheria. “Asitufanyie maonyesho.”

“Akikaa hatainuka,” alisema Mama Chai, “na ninyi ndio mtambeba.”

Afisa kazi alisoma barua. Akavaa miwani vizuri, akasoma kijitabu. Akarudi kwenye barua.

“Nisaidieni,” alisema. “Hapa mmeandika kazi yake ni nyepesi kwa asili yake. Hapa mmeandika inavunja migongo. Sahihi ni moja, na tarehe zimepishana wiki saba. Mlidanganya wapi? Kwenye barua au mbele ya wageni?”

“Hiyo ya pili ni lugha ya matangazo, mheshimiwa,” alisema mwanasheria.

“Matangazo yana lugha yake? Mimi naona Kiswahili.” Akachukua kalamu. “Boksi mia saba, kilo kumi na tano. Elfu kumi na mia tano. Tani kumi na nusu. Mbona matangazo yenu yanajua hesabu kuliko barua zenu?”

Afisa Utumishi akajikohoza. Alisema kampuni inamheshimu sana mzee, ndiyo maana ilimpa kofia. Mwanasheria alimkanyaga mguu chini ya meza, akachukua kijitabu yeye.

“Tukubali kwamba wapo walioumia. Lakini huyu bwana si mmoja wao. Na kama wanategemea picha hii, mheshimiwa, mtu wa pichani hana kichwa. Anaweza kuwa mtu yeyote.”

Mama Chai alifungua kikapu chake, akatoa shuka la buluu lenye maua ya njano, akalitandaza juu ya mafaili ya serikali.

“Mashuka kama hayo yamejaa sokoni,” alisema mwanasheria.

“Lichunguze pembeni. Lilichanwa kwa meno. Na pichani limechanwa vivyo hivyo.”

“Mzee,” afisa kazi alimgeukia Tofali, “unaweza kusimama kama huyu wa pichani? Kama huwezi, sema.”

“Naweza.”

“Usifanye,” alisema mkewe.

Lakini alikuwa ameshajifunga shuka. Aliwapa ubavu, akaweka mkono kiunoni, akashika ukingo wa meza, akainama taratibu, mpaka vidole vyake na vya pichani vikawa vile vile, fundo kwa fundo, pamoja na kile kidole cha pete kilichopinda tangu siku kilipobanwa na paleti. Kisha akajaribu kuinuka, ikashindikana. Akajaribu tena. Jasho likaanza kumdondoka juu ya kijitabu.

Mama Chai aliruka upande mmoja, afisa kazi akazunguka meza akaja upande wa pili, na wanawake wale wawili wakamnyanyua kidogo kidogo, kama watu wanaofungua mlango wenye kutu. Mwanasheria alitazama viatu vyake. Afisa Utumishi alitazama dirishani.

“Mnataka niandike uamuzi,” alisema afisa kazi akihema, “au mnataka kuelewana kabla sijaandika?”

Wakataka kuelewana. Watu wa aina ile hupenda sana maelewano pale wanapokuwa wameshindwa.

---

Mkataba wa chai ulikatishwa wiki ileile, “kwa sababu za kiutendaji”. Ofisini waliweka mtungi wa maji ya moto na kikapu cha majani, kila mkubwa ajimiminie. Mama Chai alipelekewa habari kwamba Mkurugenzi alijiunguza kidole, na kwa mara ya kwanza katika majuma mengi akalala usingizi mzuri.

Siku ya kuchukua hundi walikwenda wote wawili. Gharama za matibabu, kipimo kikiwemo, na mshahara wa miezi kumi na minane. Haikuwa bei ya mgongo, lakini ilikuwa fedha waliyokuwa hawajawahi kuishika pamoja maishani mwao. Afisa Utumishi aliweka hundi upande wake wa meza, akasukuma karatasi upande wao.

“Saini hapa, mzee, tumalize kindugu.”

Zamani Tofali alisaini kila alichopewa. Alisaini zamu za ziada, akasaini kukatwa, akasaini kupokea glovu ambazo hazikuja. Safari hii aliishika karatasi, akaisoma akiwa amesimama, neno kwa neno, midomo ikitembea. Nyuma ya ukuta mashine ilisikika ikinyanyua na kuweka.

“Hapa pameandikwa ‘kwa huruma yake’,” alisema.

“Wapi? Aa, ndiyo. ‘Kampuni, kwa huruma yake, na bila kukubali wajibu, inamsaidia mfanyakazi aliyetajwa...’ Ni lugha ya kisheria tu.”

“Nani aliomba huruma?”

“Mzee, ni neno tu hilo.”

“Kama ni neno tu, litoke.”

Mama Chai aliitazama hundi. Yeye ndiye aliyeanzisha vita hivi, na ulimi wake ndio uliovipigana. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa imefika, kazi hakuwa nayo, na karatasi ile ilikuwa umbali wa mkono mmoja. Alimsogelea mume wake akanong’ona, “Saini tu, bwana. Tuondoke. Hela ni ileile.”

“Hapana,” alisema Tofali. Hakumwambia kwa hasira. “Waandike nilivyoumia.”

“Barua hii imepitishwa na mwanasheria,” alisema Afisa. “Siwezi kuigusa. Kama huitaki, hundi inarudi uhasibu, na uhasibu...” Akapunga mkono, kana kwamba uhasibu ni nchi ya mbali.

“Nitasubiri.”

“Utasubiri nini?”

“Uandike.”

Akasubiri. Aliegemea ukuta wa ofisi ile yenye zulia, chini ya saa. Afisa alipiga simu. Akaandika vitu vyake. Akaenda kula, akarudi, akawakuta. Wenye shida zao waliingia na kutoka, kila mmoja akimtazama yule mzee aliyesimama wima kama ubao, na kila mmoja akauliza kwa macho kuna nini. Rangi ya Tofali ilikuwa imegeuka majivu. Mkewe alimwekea mkono mgongoni, chini ya shati, akahisi misuli inaruka kama samaki, akauacha mkono hapo.

Saa tisa na nusu Afisa Utumishi alivuta kompyuta kwa nguvu mpaka ikagonga kikombe.

“Sema. Niandike nini?”

“Andika: ‘Aliumia mgongo akipanga maboksi ya kampuni.’ Nukta.”

“Na jina?”

“Langu. Lote.”

Printa ilikwaruza. Tofali alisoma tena kuanzia juu, akasaini nakala mbili, akachukua yake, ndipo akachukua hundi na kumpa mkewe bila kuitazama.

“Basi,” alisema Afisa akijifuta jasho, ingawa ofisi ile ilikuwa na kiyoyozi. “Natumaini sasa umeridhika, na jambo hili limeishia hapa.”

“Mimi nimemaliza.” Tofali alikuwa ameshafika mlangoni, anaufungua polepole. Kwenye korido ndefu, pande zote mbili, wapangaji wa zamani walikuwa wamesimama wameegemea ukuta, kila mmoja na barua yake ya kampuni mkononi.

Afisa Utumishi alinyanyuka nusu. “Hao ni kina nani? Wako wangapi?”

“Kumi na sita,” alisema Tofali. “Usihangaike na viti. Hakuna anayeweza kukaa.”